Tunajuaje kama kinamsaidia? Ushahidi wa kisayansi mikononi mwa wauguzi wa watoto

Muuguzi amemaliza kupitisha mpira wa kulishia puani mwa mtoto wa miezi minne. Kabla ya kumimina maziwa anatakiwa awe na hakika kwamba ncha ya mpira iko tumboni na haijapotelea kwenye pafu. Kwa miaka mingi wauguzi katika nchi nyingi walifundishwa njia moja: vuta hewa kidogo kwenye bomba la sindano, isukume kupitia mpira huku stetoskopu ikiwa juu ya tumbo, na ukisikia inabubujika, anza kulisha. Ni njia ya haraka, haina gharama, na aliyekufundisha naye alifundishwa hivyo hivyo.

Ila sauti ile haiaminiki. Kifua cha mtoto ni kidogo, na sauti husafiri ndani yake bila kizuizi. Hewa iliyoingia pafuni, au iliyoishia kwenye umio, husikika juu ya tumbo karibu sawa na iliyofika tumboni. Wagonjwa wamekufa, watoto na watu wazima, kwa maziwa kumiminwa pafuni wakati mpira ulidhaniwa uko tumboni. Mwaka 2005 shirika la usalama wa wagonjwa la Uingereza lilitoa tahadhari kwa hospitali zote kwamba njia hiyo isitumike tena. Kinachopendekezwa ni kuvuta majimaji kupitia mpira na kuyapima kwa karatasi ya pH. Kipimo cha 5.5 au chini ya hapo kinaonyesha asidi ya tumbo, na kama hakipatikani, picha ya eksirei ndiyo inayoamua.

Kujua namba hiyo hakumalizi kazi. Mtoto aliyelishwa muda mfupi uliopita ana maziwa tumboni yanayopunguza makali ya asidi. Anayepewa dawa ya kupunguza asidi anaweza kutoa kipimo cha juu hata kama mpira umekaa mahali pake. Kwa mtoto njiti, majimaji yenyewe mara nyingi hayatoki, kwa hiyo muuguzi humgeuza ubavu wa kushoto, husukuma hewa kidogo ili ncha iachane na ukuta wa tumbo, husubiri, kisha hujaribu tena. Halafu kuna urefu wa mpira. Kipimo cha zamani, kutoka puani hadi sikioni hadi ncha ya mfupa wa kidari, kimeonekana katika tafiti za watoto kuacha mipira mingi ikiwa mifupi mno, imeishia kwenye umio. Kuendelea hadi katikati ya ncha ya kidari na kitovu huifikisha tumboni mara nyingi zaidi.

Nimeanza na mpira wa kulishia kwa sababu kitendo hiki kidogo, kinachorudiwa mara nyingi kwa siku, kinaonyesha suala zima lilivyo. Kuna desturi iliyoaminika, kuna utafiti ulioipinga, kuna namba ya kufuata, na kuna muuguzi anayepaswa kuitumia namba hiyo kwa mtoto aliye mbele yake, ambaye huenda hafanani na watoto wa kwenye utafiti.

Ushahidi unasimama wapi

Dhana ya kutibu kwa kuzingatia ushahidi ilipata jina mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, kupitia Gordon Guyatt na wenzake. Mwaka 1996 David Sackett na wenzake waliieleza katika jarida la BMJ kwa namna inayotumika hadi leo: ni kuunganisha ushahidi bora wa utafiti uliopo, ujuzi wa mtoa huduma mwenyewe, na kile mgonjwa anachokithamini na kukitaka. Wauguzi waliipokea wakiwa tayari na mizizi yao. Florence Nightingale aliporudi kutoka Vita vya Crimea alihesabu vifo vya askari kwa sababu zake, na michoro yake ya mwaka 1858 iliwaonyesha wakubwa wa serikali kwamba maradhi yaliyoweza kuzuilika yaliua wengi kuliko majeraha ya vita.

Nguzo hizo tatu hutajwa sana, na nguzo mbili za mwisho husahauliwa sana. Wapo wanaodhani kufuata ushahidi ni kutii mwongozo neno kwa neno. Mwongozo ni muhtasari wa ushahidi ulioandaliwa kwa ajili ya mgonjwa wa kawaida, na ni jambo jema kwamba upo, maana hakuna muuguzi anayeweza kusoma tafiti zote. Hata hivyo mwongozo haumjui mtoto mwenye ugonjwa wa moyo pamoja na nimonia, wala haumjui mama aliyeshuhudia kaka yake mtoto huyu akifia katika wodi hiyo hiyo na sasa anaogopa kila anayemkaribia.

Kuna mkanganyiko mwingine unaofaa kuondolewa. Utafiti hutafuta maarifa ambayo hayakuwepo. Kuboresha huduma ni kupima na kurekebisha jinsi wodi fulani inavyofanya kazi yake. Uuguzi unaozingatia ushahidi unakaa kati ya hayo mawili: unachukua maarifa yaliyokwisha kupatikana na kuyatumia katika uamuzi wa leo. Muuguzi hahitaji kuwa mtafiti ili aufanye, kama vile rubani asivyohitaji kubuni ndege. Anachohitaji ni kuweza kutofautisha ushahidi mzito na mwepesi, na kuwa na nafasi ya kuutumia.

Kwa nini uzoefu huweza kutudanganya

Uzoefu ni hazina, nami siudharau hata kidogo. Muuguzi wa miaka 20 huingia chumbani na kwa kumtazama mtoto tu akajua hali imebadilika kabla mashine haijalia. Lakini kuna swali moja ambalo uzoefu hauwezi kulijibu peke yake: je, mtoto huyu angepona bila kile nilichomfanyia? Magonjwa mengi ya watoto huisha yenyewe. Ukifanya chochote siku ya tatu ya mafua makali, siku ya tano mtoto atakuwa na nafuu na utakipa sifa kile ulichofanya. Kinyume chake pia hutokea: kitu kinachoua watoto watatu zaidi katika kila 100 hakionekani kwa macho, kwa sababu wodini watoto walio mahututi hufa kwa sababu nyingi, na hakuna anayeweza kumwonyesha kidole yule aliyekufa kwa ajili ya kitu hicho.

Hicho ndicho kilichofichuliwa na utafiti ulioitwa FEAST, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011. Mtoto mwenye homa kali, mikono na miguu ya baridi, mapigo ya moyo ya kasi na fahamu zinazopungua alihesabiwa kuwa katika mshtuko, na mafunzo ya dharura sehemu nyingi duniani yalielekeza apewe maji mengi ya haraka kupitia mshipa. Hoja ilikuwa na mantiki: mzunguko wa damu umepungua, basi ujaze. Madaktari na wauguzi waliona kwa macho yao watoto wakichangamka ndani ya saa moja. Watafiti waliwagawa watoto 3,141 kwa kura katika makundi matatu. Wa kwanza walipewa maji yenye albumini, aina ya protini ya damu, kwa haraka, wa pili maji ya chumvi kwa haraka, na wa tatu hawakupewa maji ya haraka, ila dripu ya kawaida na matibabu mengine yote.

Ndani ya saa 48, vifo vilikuwa asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili yaliyopewa maji ya haraka, na asilimia 7.3 katika kundi ambalo halikupewa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu za usalama. Kuchangamka kulikoonekana saa ya kwanza kulikuwa kweli, lakini hakukuwa ishara ya kunusurika.

Kwa muuguzi, kujua kwamba maji ya haraka yanaweza kudhuru ni nusu tu ya somo. Nusu ya pili imo katika orodha ya watoto ambao hawakuingizwa katika utafiti: wenye kuhara na kutapika, wenye utapiamlo mkali, walioungua. Mtoto aliyepungukiwa maji mwilini kwa kuhara sana bado anahitaji kurudishiwa maji, tena kwa haraka. Muuguzi akisikia tu kwamba utafiti umekataza maji, akamnyima mtoto huyu, ametumia ushahidi vibaya, na matokeo yanaweza kuwa yale yale. Kila anaposoma utafiti inambidi aulize ni watoto gani waliochunguzwa, na kama huyu wake ni mmoja wao.

Mtoto si mtu mzima mdogo, na ushahidi wake ni haba

Tafiti nyingi za tiba na uuguzi zimefanywa kwa watu wazima. Watoto hawawezi kutoa ridhaa ya kisheria, wazazi huogopa kumwingiza mwana katika majaribio, na neno mtoto lenyewe limebeba viumbe wasiofanana: njiti wa gramu 900, mtoto wa miaka mitatu anayepiga mateke, kijana wa miaka 15 anayeficha maumivu. Kwa hiyo muuguzi wa watoto hulazimika kila mara kuazima ushahidi wa watu wazima na kujiuliza kama unamfaa mgonjwa wake. Wakati mwingine unafaa. Wakati mwingine kuazima huko kumeleta msiba.

Oksijeni kwa njiti ni mfano mchungu. Miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 walipewa oksijeni kwa wingi, na maelfu wakapofuka kwa sababu mishipa ya macho yao ilikuwa haijakomaa. Majaribio ya Marekani ya mwaka 1953 hadi 1954 yalithibitisha chanzo. Wodi nyingi zikabana oksijeni kwa nguvu, na vifo vikaongezeka. Ilichukua miongo mingi na majaribio makubwa ya karne hii kuonyesha kwamba kwa njiti waliozaliwa mapema sana, kulenga asilimia 85 hadi 89 ya oksijeni kwenye damu huokoa macho zaidi lakini huua zaidi kuliko kulenga 91 hadi 95. Ushahidi huo wote unaishia kwenye kidole cha muuguzi anayepanga mipaka ya kengele ya mashine mwanzo wa zamu. Akiweka mpaka wa juu asilimia 100 ili kengele isimsumbue, majaribio yale hayajamfikia mtoto huyo.

Kuhusu maumivu, historia inauma zaidi. Hadi miaka ya 1980 watoto wachanga walifanyiwa upasuaji kwa ganzi hafifu sana, kwa imani kwamba mfumo wao wa fahamu haujakomaa kiasi cha kuhisi maumivu kama sisi, na kwa hofu ya madhara ya dawa. Mwaka 1987 Anand na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet majaribio ya njiti waliofanyiwa upasuaji wa mshipa ulio karibu na moyo. Waliopewa fentanili, dawa kali ya maumivu, pamoja na dawa za kawaida walikuwa na mshtuko mdogo zaidi wa homoni na matatizo machache baada ya upasuaji. Mwili wa mtoto ulikuwa ukieleza siku zote. Waliokuwa hawasikii ni watu wazima.

Leo tunajua mengi kuhusu maumivu madogo ya kila siku, yale ya kuchoma kisigino, kuweka kanula (kijibomba kinachoachwa ndani ya mshipa wa damu) na kutoa damu, na hapa ndipo naona uuguzi una deni kubwa kuliko popote. Kunyonya wakati wa kuchomwa hupunguza maumivu ya mtoto mchanga. Kulazwa ngozi kwa ngozi kifuani kwa mzazi pia hupunguza. Matone ya maji ya sukari ulimini kama dakika mbili kabla ya kuchoma husaidia kwa vitendo vifupi, ingawa hayafai kuwa badala ya dawa kwa maumivu yanayoendelea, kama ya baada ya upasuaji. Kwa mtoto mkubwa kidogo, krimu ya ganzi ya ngozi hufanya kazi, lakini inahitaji kama saa moja. Saa hiyo ndiyo kikwazo. Anayejua ratiba ya vipimo vya asubuhi, anayeweza kuipaka krimu saa 12 ili saa 1 ngozi iwe imekufa ganzi, ni muuguzi. Daktari akifika na sindano, muda umekwisha pita.

Angalia pia namna mtoto anavyoshikwa. Desturi iliyoenea ni kumlaza chali, mtu mmoja akikandamiza miguu na mwingine mabega. Kwa mtoto wa miaka miwili, kulazwa chali na kubanwa na watu asiowajua ni tishio kubwa kuliko sindano yenyewe. Akikaa mapajani mwa mama yake, kifua kwa kifua, mkono wake ukitolewa pembeni chini ya kwapa la mama na kushikwa kwenye kiwiko na kifundo, hofu hupungua na mkono bado unatulia. Inamlazimu muuguzi abadili anapokaa, asogeze taa, amweleze mama afanye nini kwa maneno mafupi. Haihitaji kununua chochote.

Na maumivu yapimwe. Mtoto asiyeweza kusema hupimwa kwa kutazamwa. Kipimo cha FLACC, kilichochapishwa mwaka 1997, huangalia uso, miguu, utulivu wa mwili, kilio, na kama anabembelezeka, kila kimoja kikipewa 0 hadi 2. Anayeanza zamu akikuta 7 kwenye fomu, dawa ikatolewa, na nusu saa baadaye pameandikwa 3, anajua dawa imefanya kazi. Akikuta pameandikwa tu kwamba mtoto amelala, hajui kitu, kwani mtoto aliyechoshwa na maumivu naye hulala.

Kifaa kile kile, matokeo tofauti

Sehemu ngumu kuliko zote za suala hili, na ninayotamani ijadiliwe zaidi, ni kwamba ushahidi hubeba mazingira yake. Mwaka 2015 watafiti wa Dhaka, Bangladesh, walichapisha matokeo ya majaribio ya CPAP ya mapovu, kifaa rahisi kinachosukuma hewa yenye oksijeni ili mapafu yasisinyae. Kati ya watoto wenye nimonia kali na upungufu wa oksijeni, waliotumia kifaa hicho walikufa asilimia 4, na waliopewa oksijeni ya kawaida ya puani asilimia 15. Habari njema kabisa.

Mwaka 2019 yakachapishwa majaribio kutoka hospitali ya wilaya nchini Malawi, kwa watoto wa mwezi 1 hadi miezi 59 wenye nimonia kali na hali hatarishi, kama VVU, utapiamlo au oksijeni ndogo mwilini. Hapo waliowekwa kwenye CPAP walikufa asilimia 17, na waliopewa oksijeni ya kawaida asilimia 11.

Msomaji wa haraka atasema sayansi inajipinga. Tazama kwa makini. Dhaka ilikuwa hospitali yenye madaktari waliosimamia watoto wale kwa karibu. Malawi ilikuwa hospitali ya wilaya isiyo na wodi ya mahututi, na daktari hakuwepo kila siku kando ya kitanda. Watoto nao hawakuwa sawa. CPAP inahitaji mtu anayejua kuona tumbo linapojaa hewa, maziwa yanapopanda, pua inapochubuka, mtoto anapochoka. Kile kinachoitwa kifaa ni kifaa pamoja na jicho la muuguzi na idadi ya watoto anaowatunza. Wodi inayotaka kuanza CPAP haitoshi iulize kama inafanya kazi. Lazima iulize iliwafanyia kazi watoto gani, ikiangaliwa na nani, na kama watu hao inao.

Mfano wa upande wa pili ni kumbeba njiti ngozi kwa ngozi, kulikoanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 kwa sababu mashine za joto hazikutosha. Kwa muda mrefu mtoto alitakiwa atulie kwanza ndipo apewe mama. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2021, katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulijaribu kuanza mara tu baada ya kuzaliwa kwa watoto wa kilo 1 hadi pungufu kidogo ya 1.8, bila kusubiri utulivu huo. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0 badala ya 15.7. Kulitekeleza hilo kunamaanisha mama aliyetoka kujifungua alale ndani ya wodi ya watoto wachanga mahututi, na hapo ndipo penye kazi: vitanda, choo, chakula, mkunga wa kumwangalia mama humo humo, na wauguzi wanaokubali kwamba mama si mgeni wa saa za kutembelea.

Kuacha ni kugumu kuliko kuanza

Desturi nyingine zinaweza kusemwa kwa ufupi, kwa kuwa ushahidi wake hauna utata mwingi. Kumkanda mtoto mwenye homa kwa maji hupoza ngozi kwa muda, humtetemesha na kumliza, na miongozo mikubwa haikupendekezi tena. Dawa ya homa hutolewa ili mtoto apate nafuu, kwani haizuii degedege la homa kujirudia. Kanula ya mtoto haibadilishwi kwa kuhesabu siku tu. Hubadilishwa kukiwa na sababu, na hilo linadai muuguzi aitazame ngozi inayoizunguka kila mara. Kumimina maji ya chumvi kwenye mpira wa kupumulia kila kabla ya kunyonya makohozi kunaweza kushusha oksijeni, na hakufai kuwa mazoea.

Kulala kifudifudi ndiko kunakoonyesha gharama ya kuchelewa. Kwa miongo kadhaa wazazi walishauriwa kuwalaza watoto wachanga kifudifudi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba tafiti zilizokuwepo kufikia mwaka 1970, kama mtu angezikusanya pamoja, zilitosha kuonyesha kwamba ulalaji huo unaongeza vifo vya ghafla vya watoto wachanga. Kampeni za kuwalaza chali zilianza Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, na vifo hivyo vikapungua kwa zaidi ya nusu. Ushahidi ulikuwepo, umetawanyika katika majarida. Ndiyo sababu mapitio ya kimfumo, yanayokusanya tafiti zote za swali moja na kuzipima pamoja, huwekwa juu ya utafiti mmoja mmoja. Mtandao wa Cochrane ulianzishwa mwaka 1993 kwa kazi hiyo, na taasisi ya JBI ya Adelaide, Australia, iliyoanza 1996, huifanya kwa kuwalenga zaidi wauguzi. Wauguzi wa njiti wana jukumu la ziada hapa: njiti huweza kulazwa kifudifudi wodini akiwa kwenye mashine inayomfuatilia, na asipozoeshwa kulala chali kabla ya kuruhusiwa, mama ataendeleza nyumbani alichokiona hospitalini.

Zipo pia nyakati ambapo ushahidi huja kinyume na matumaini yetu wenyewe. Fomu za alama za tahadhari, zinazojumlisha upumuaji, mapigo ya moyo na hali ya mtoto ili kugundua mapema anayezidiwa, zinapendwa na wauguzi, nami nazipenda. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2018, katika hospitali 21 za nchi 7, halikuona fomu ya aina hiyo ikipunguza vifo kwa jumla. Liliona upungufu mdogo wa watoto wanaofika wodi ya mahututi wakiwa wamechelewa. Sioni sababu ya kuzitupa. Naona sababu ya kutoamini kwamba fomu iliyojazwa ni sawa na mtoto aliyeangaliwa.

Wodi inafanyaje

Kazi huanza na swali lililo wazi. "Tufanyeje kuhusu maumivu?" ni swali pana mno. "Kwa watoto wa mwaka 1 hadi 5 wanaowekewa kanula, kukaa mapajani mwa mzazi, kukilinganishwa na kulazwa chali, kunapunguza kilio bila kuongeza idadi ya kuchomwa?" ni swali linalojibika. Linataja watoto gani, kitendo gani, kinalinganishwa na nini, na matokeo gani yanatafutwa.

Kisha hutafutwa mapitio ya kimfumo au mwongozo unaotegemewa kabla ya utafiti mmoja mmoja. Unaposomwa, maswali matatu yanatosha kuanzia: ulinganishaji ulikuwa wa haki, tofauti ni kubwa kiasi cha kumjali mtoto, na watoto wale wanafanana na wetu? Baada ya hapo huja majaribio madogo ndani ya wodi yenyewe, wiki chache, zamu mbili, na kipimo kilichochukuliwa kabla na baada. Wodi nyingi huruka kipimo cha kabla, halafu hazina namna ya kujua kama kuna kilichobadilika.

Mbona basi haifanyiki kila mahali? Mwaka 1991 Sandra Funk na wenzake walitengeneza dodoso la vikwazo vya kutumia utafiti katika uuguzi, na tangu hapo limetumika katika nchi nyingi. Malalamiko mawili hujitokeza karibu kila mara: muuguzi hana mamlaka ya kubadilisha utaratibu, na hana muda. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotibiwa kwa semina. Muuguzi aliyesoma kuhusu krimu ya ganzi, akaipendekeza, akaambiwa asubiri amri ya daktari, na amri isije, hatapendekeza mara ya pili. Kiongozi wa wodi anayetaka ushahidi utumike atoe ruhusa ya kudumu kwa mambo yasiyo na hatari, kama maji ya sukari, krimu ya ganzi na mzazi kubaki, ili muuguzi asiombe upya kila asubuhi. Na apiganie idadi ya wauguzi. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake wa mwaka 2002, wa wagonjwa wazima wa upasuaji huko Pennsylvania, Marekani, ulikuta kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi anaendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa kufa ndani ya siku 30. Kwa watoto, wanaohitaji kulishwa, kubembelezwa na kugeuzwa, sioni kwa nini hali iwe nyepesi zaidi.

Linabaki swali la pale ambapo utafiti mzuri haupo, na kwa watoto hali hiyo ni ya kawaida. Hapo muuguzi hutegemea jinsi mwili unavyofanya kazi, makubaliano ya wabobezi, na ushahidi wa watu wazima uliopunguzwa kwa busara. Kinachotakiwa ni kusema hivyo waziwazi. Mwongozo wa wodi uandike kando ya kila agizo kama msingi wake ni majaribio, tafiti za kuangalia tu, au maoni ya wataalamu, na uandike tarehe utakapopitiwa upya. Mzazi akiuliza kwa nini mwanawe anafanyiwa hivi, aambiwe: hili limejaribiwa kwa watoto wengi kama wako, au hili ndilo tunaloona linafaa kwa sasa, tutamwangalia baada ya saa mbili na tukiona halimfai tutabadilisha. Wazazi wengi huyabeba majibu hayo vizuri kuliko tunavyowadhania, na mara nyingi wao ndio wa kwanza kuona, kabla ya saa hizo mbili kwisha, kwamba halimfai.